Chuma Kwenye Paja la Torleiv

Kibanda cha sindano alikijenga Torleiv Rognmo mwenyewe, kilimani nyuma ya nyumba, kwa vigingi vya mti na misumari ya shaba. Ndani, sindano ya sumaku ilining'inia kwenye uzi. Mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani penye giza, ilipowaka, umeme uliopita huko juu uliisukuma, naye akausoma mwendo wake kwa ajili ya kituo cha utafiti kilichomwajiri. Chuma, kwa kuwa huivuta sindano, hakikuvuka mlango ule. Hata kisu chake cha kiunoni kilibaki nje.

Sikukuu ya Pasaka, Hallgeir, kaka wa mkewe, mfugaji wa kulungu wa theluji, alimchokoza mbele ya waumini.

"Shemeji, sindano yako inacheza. Miguu je?"

Torleiv akavaa mbao za kutelezea kwenye theluji, akaruka kutoka mteremko wa juu. Paja likavunjika.

Daktari alitoa njia mbili: plasta na miezi ya kulala, huenda akachechemea, au kipande cha chuma mfupani, atembee wima.

"Plasta," Torleiv alinong'ona.

"Dawa zinamchanganya," alisema mkewe Solbjørg, mwalimu, binti wa mwalimu mkuu. "Mtie chuma. Kwetu hatuingii kanisani tukichechemea."

Alipozinduka na kuambiwa, Torleiv alisema, "Umenifungia nje, mke wangu." Hakulirudia neno hilo maisha yake yote.

Kanisani walimsifu kwa mwendo wake. Kibandani, sindano ilimgeukia kabla hajafika mlangoni. Kituo kikaajiri mwingine, kamba ikafungwa mbali kidogo na kibanda kuwa mpaka wake, na Torleiv akawa anasimama kwenye kamba.

Miaka ikapita. Adhuhuri moja ya majira ya baridi yasiyo na jua, mchana ukiwa giza kama usiku, anga liliwaka kijani, na msomaji mpya wa sindano alikuwa safarini. Solbjørg, mvi zimeshamjaa, akamfuata mumewe.

"Naingia mimi. Nitakuambia."

"Pini za nywele?"

"Nimetoa."

"Na lile vazi la kubana kiuno, lenye vyuma?"

"Torleiv, watu watasikia."

"Watu gani? Kulungu wa kaka yako?"

Solbjørg akavua koti na vazi hilo palepale kwenye kamba, akaingia. Alipotoka, mumewe alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili.

"Inacheza," Solbjørg alisema.

"Ilianzia upande gani? Kwa kushtuka, au polepole?"

Solbjørg, aliyefundisha watoto wa kijiji kizima kueleza walichokiona, hakuwa ameangalia hayo.

"Huku na huku tu."

Torleiv alingoja kidogo, asikie zaidi. Kisha akamshukuru, akambebea koti, akatangulia kuteremka, wima, bila kuchechemea hata kidogo.