Majani ya Siku Tatu

Nilisikia ng'ombe kila upande na sikuona hata mmoja. Lori la ushirika lilikuwa limenishusha chini darajani, dereva akiapa kwamba kwa utelezi ule hata malaika wangevua viatu, na sasa nilikuwa napanda kwa miguu katika ukungu wa Julai, turubai begani, kati ya migomba na mibuni isiyokwisha. Ng'ombe akalia kushoto. Mwingine akamjibu nyuma yangu, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Huku Old Moshi ng'ombe hufungwa ndani, na chakula chake huletewa hapo hapo alipo. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezunguka bandari za watu mpaka zikanichosha, lakini sikuwahi kufika mahali ambapo ng'ombe yuko ndani na mgeni yuko nje.

Mzigo wa majani ukanipita. Ulikuwa mkubwa kama kibanda, na chini yake palionekana viatu vya mpira tu. Ulipofika mbele yangu ukasimama, ukasema:

"Ndugu, hilo turubai ni la skauti?"

"Ni lao. Wewe ni skauti?" nikatania.

"Mimi ndiye kiongozi wao."

Akautua mzigo ukingoni mwa njia. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, sweta la kijivu, khanga kiunoni, na shingoni filimbi inaning'inia. Alinitazama kuanzia koti hadi viatu, ambavyo vilikuwa vya mjini na vilikwisha kujaa matope.

"Basi wewe ndiye mtaalamu wa baridi."

Cheo hicho nilikipata Moshi mjini, mezani kwa Jayant, muuza vitambaa aliyekuwa mlezi wa skauti wa shule kadhaa za mlimani. Alinikaribisha chakula, nami nikalipa kwa hadithi, kama kawaida yangu. Nilisoma uchapaji Leipzig, Ujerumani, miaka miwili, kwa hiyo nikasimulia theluji kwa namna ya mtu aliyeitengeneza mwenyewe. Lata, mke wa Jayant, ambaye hadithi zangu alikuwa amezisikia tangu mchana, akamwambia mumewe, "Si kuna yule mwalimu wa Old Moshi anayetaka kupeleka watoto kambini na baridi hii? Mpelekee huyu." Nadhani alitaka tu nafasi mezani. Asubuhi nilijikuta juu ya lori na turubai la Jayant, habari zangu zimeshanitangulia.

Mwanamke yule aliitwa Elifuraha, mwalimu wa darasa la tatu. Uskauti haukumtafuta, wala yeye hakuutafuta. Mwalimu aliyeanzisha kundi alipohamishiwa Handeni, aliwauliza wenzake ofisini nani atawachukua watoto wake. Walimu wanaume wote wakaanza kuchunguza viatu vyao.

"Mimi nikacheka," Elifuraha alinisimulia tukipanda, yeye na mzigo wake kichwani, mimi nikihema nyuma. "Mwalimu wa hesabu alikuwa amevaa soksi mbili za rangi tofauti. Yule bwana akaona nimecheka, akadhani nimefurahi. Akanivika filimbi."

"Hukukataa?"

"Nilikuwa bado nacheka."

Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma. Tangu hapo alikuwa amejifunza mafundo, amefundisha wasichana pamoja na wavulana kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba hairuhusiwi, na amejitia kichwani jambo moja: watoto wale walale ukingoni mwa msitu, Ijumaa hadi Jumapili, katikati ya kipupwe. Wakati wa joto, alisema, hata mbuzi anaweza kulala nje. Lakini mara mbili alijaribu na mara mbili kambi ikafa. Mwaka uliopita watoto watano tu walitokea na mablanketi yao. Wengine wote walizuiwa na mama zao.

Sasa kamati ya shule ilikuwa imechoka. Ilikuwa mwaka 1972, elimu ya kujitegemea imeshika, na mwenyekiti alimwambia wazi kwamba kambi ikishindikana tena, saa za skauti zitahamia kwenye shamba la shule. "Kabichi hazihitaji filimbi, Mwalimu," ndivyo alivyomwambia.

"Mama zao wanaogopa baridi," nikasema kwa sauti ya kitaalamu.

"Baridi?" Alishangaa kweli. "Wanaogopa majani. Nani atamkatia ng'ombe mtoto akiwa kambini?"

Nilidhani anatania.

Kesho yake nikatoa mhadhara. Nilisimama mbele ya darasa nimevaa koti, sweta mbili na soksi za sufu, nikaeleza namna ya kupambana na baridi: karatasi za gazeti ndani ya viatu, nguo nyepesi nyingi badala ya moja nzito. Watoto walinisikiliza kwa adabu. Walikuwa na kaptura na sketi za pamba, miguu mitupu juu ya saruji. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka. Nilipowaruhusu kuuliza, msichana aitwaye Elinipendo akasimama.

"Shikamoo. Huko theluji ikifunika majani, ng'ombe wanakula nini?"

Swali rahisi. Nikajibu kwamba wakulima wa kule hukata majani wakati wa kiangazi, huyaanika, huyahifadhi ghalani, na ng'ombe huyala miezi yote ya baridi. Nikaongeza neno lenyewe la Kijerumani, bila kuombwa.

Nyuma ya darasa Elifuraha akainuka. Macho yalikuwa yanamng'aa.

"Miezi yote?" akauliza. "Sisi tunataka siku tatu tu!"

Hapo ndipo nilipopaswa kukiri kwamba majani hayo nimeyaona kupitia dirisha la treni tu. Badala yake nilivua koti nikakunja mikono ya sweta. Watoto walitumwa kukata mzigo wa ziada kila mmoja, tukayatandaza kwenye vichanja vya kuanikia kahawa nyuma ya shule. Nilitengeneza uma wa mti, nikawa nayageuza asubuhi na mchana kama mkulima wa picha ya kalenda. Kina mama waliokuwa wakipita na mizigo yao walisimama kunitazama.

"Baba, unayapikia nini?" mmoja akauliza.

"Nayakausha, mama."

"Kwa jua lipi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukungu ulishuka asubuhi, ukakaa mchana, jioni ukaleta manyunyu. Majani yakawa ya kahawia, kisha meusi, kisha yakaanza kutoa joto na harufu ya soksi. Nikamwambia Elifuraha kwamba harufu ni ishara nzuri. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alhamisi asubuhi tulipeleka kikapu cha majani hayo kwake nyumbani, kwa majaribio. Mumewe, Yoramu, alikuwa fundi wa reli Tabora, na nyumbani alikuwepo mama mkwe wake, Mama Yoramu, bibi mdogo wa umbo mwenye macho makali. Ng'ombe pale ndani alikuwa wa bibi huyo, na alikuwa amezaa karibuni. Nikamwamkia shikamoo, nikaweka kikapu mbele ya hori.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Chakula cha majira ya baridi, Bibi."

"Cha nani?"

Ng'ombe alinyoosha pua, akanusa, akapiga chafya. Kisha akageuka mzima mzima, akanipa mgongo. Ndama naye akageuka.

Elifuraha alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza. Lakini kicheko kilipokwisha hakuinuka. Alikaa akiizungusha filimbi vidoleni.

"Nimeshawaambia watoto ni kesho," akasema.

Hapo nilielewa kwamba hakuwa anatania tangu mwanzo, na kwamba mimi ndiye niliyemlia siku zake za maandalizi.

Alipoinuka hakuniuliza ushauri. Alianza kupita nyumba kwa nyumba, mimi nikimfuata kama mbwa aliyeiba nyama. Kila kihamba, yaani kila shamba la migomba na kahawa lenye nyumba yake katikati, alisimama mlangoni akaomba jambo moja. Mtoto atakata magogo ya migomba leo, yatakaa bila kuharibika, na ng'ombe atayala hadi Jumapili.

"Mwalimu, ng'ombe akila mgomba mtupu, maziwa ni maji," mama mmoja akamwambia, naye hakuwa mwongo.

"Ni siku tatu, mama. Jumatatu mtoto atakuletea mzigo wa majani, na mimi nitakuletea mwingine."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na akirudi na kikohozi?"

"Atarudi na kikohozi na mafundo manane."

Yule mama akacheka, akaita mtoto wake alete panga. Nyumba ya pili walikubali upesi, ya tatu walitaka kwanza kujua nani mwingine amekubali. Mlango mmoja ulifungwa. Lakini ilipofika alasiri, sauti za mapanga zilikuwa zinasikika migombani kote, na Elifuraha alikuwa ameahidi majani ya kumfikisha Oktoba.

Nyumba ya mwisho ikawa yake.

Mama Yoramu alikuwa anamenya ndizi jikoni. Alimwacha mkwewe amalize kusema ndipo akajibu.

"Nimesikia. Wote wamekubali kunywa maji. Wangu ana ndama, hatakula magogo."

"Nitamkatia majani leo, Mama. Mizigo miwili, mitatu."

"Yatachemka. Si nimeona mlichopika huko shuleni? Ng'ombe anataka majani ya asubuhi na ya jioni. Na mgongo wangu unaujua."

Elifuraha aliujua. Bibi hakuweza tena kushuka bondeni na kupanda na mzigo. Hakukuwa na mtu mwingine nyumbani.

"Basi siendi," Elifuraha akasema taratibu. "Watoto nitawaambia asubuhi."

Kisu kikasimama. "Nimesema usiende? Nimesema ng'ombe ale." Kisha akanielekeza kile kisu, ganda la ndizi likining'inia nchani. "Na huyu anakwenda kufanya nini huko?"

"Anakwenda kuwafundisha watoto baridi, Mama."

"Baridi!" Bibi alinitazama, na soksi zangu pia. "Watoto hawa wamezaliwa ndani yake. Huyu mwache hapa akate majani."

Nilitafuta utetezi katika lugha zote ninazozijua. Ukanijia wa Kiswahili tu.

"Bibi, mimi sijawahi kukata majani."

"Na wao hawajawahi kuona theluji. Umewasimulia, na hawakufa."

Elifuraha alinigeukia. Hakucheka. "Ndugu, utaweza?"

Nimewahi kuulizwa kama nitaweza kazi ya meli, kazi ya ukalimani, hata kazi ya kuchumbia kwa niaba ya mtu, na kila mara nilijibu ndiyo kabla ya kujua kazi yenyewe. Safari hii nilisema sijui. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli tangu nifike Old Moshi, nalo halikumfurahisha mtu.

Tukashuka bondeni jioni ile ile kujaribu. Mundu aliokata nao Elifuraha kama anayepiga pasi, mkononi mwangu uling'oa mizizi, udongo na ngozi ya kidole. Nikafunga mzigo wangu, nikaubeba kichwani, na kabla sijafika njiani ulikuwa umefunguka na kunivika kama pazia. Wasichana wawili waliokuwa nyuma yetu na mizigo yao wakasimama wakivunjika mbavu kwa kicheko.

"Mwalimu, huyo amebeba mzigo au mzigo umembeba?"

Elifuraha aliufunga upya. Nilimwona uso, nikajua anahesabu nini: ng'ombe huyu akikosa, na maziwa ya ndama yakipungua, hatasamehewa katika nyumba hii kwa muda mrefu. Tulifika nyumbani na kile kilichobaki. Mama Yoramu akakitazama, akakipima kwa mguu.

"Nusu," akasema. "Atakwenda mara mbili. Siku ni ndefu na hana watoto."

Ijumaa watoto walijipanga uwanjani. Hawakuwa wote, maana ule mlango mmoja haukufunguka, lakini walikuwa wengi kiasi kwamba mwenyekiti wa kamati, aliyekuja kutazama kambi ikifa kwa mara ya tatu, aliishia kumsaidia Elinipendo kupachika sufuria mgongoni. Wavulana wakubwa wanne walipokezana turubai la Jayant. Mablanketi yalikuwa yamefungwa kwa kamba za migomba, na mafundo, kwa jicho langu la mtu aliyeshindwa kufunga hata moja, yalikuwa mazuri.

Elifuraha akanijia.

"Asubuhi na jioni. Majani yenye umande yakung'ute kwanza. Ndama anyonye baada ya Mama kukamua, si kabla, hata akikulilia."

"Sawa, Mwalimu."

"Akikupiga teke, usirudi nyuma. Ukirudi nyuma mara moja atakufanyia kila siku."

"Ng'ombe?"

"Mama pia." Akacheka, akaweka filimbi mdomoni, akaiondoa tena. "Ndugu, ukiona tunashuka kabla ya Jumapili, tupitishe nyuma ya kanisa. Mwenyekiti asituone."

"Hamtashuka."

"Hujui," akasema, "lakini aika," ambalo ndilo neno lao la asante, na ndilo pekee la Kichagga nililokuwa nimejifunza.

Akapuliza. Mstari ukaanza kusogea, ukavuka mfereji, ukapita kona ya migomba. Yeye alikuwa wa mwisho, akisukuma wadogo kwa maneno. Hakugeuka. Ukungu uliwachukua mmoja mmoja kuanzia mbele, nao wakaanza kuimba, wimbo ukawa unapanda bila watu. Nilisimama uwanjani na mwenyekiti, na kwa muda sote wawili tulikuwa tunatazama weupe mtupu kama watu wenye shughuli ya maana.

Sauti ya Mama Yoramu ilinifikia kutoka chini, kali kuliko filimbi.

"Mgeni! Wao wameshaondoka. Ng'ombe hajaondoka."

Nikachukua mundu na kamba, nikashuka bondeni.