Kifaru, Bibi Harusi na Viatu Vyangu Vipya

Siku yangu ya kwanza kwenye yadi ya magari ya wilaya, pale Nyeri, Afisa wa Usafiri alinionyesha magari mawili makubwa. La kwanza lilikuwa la turubai, viti vya ubao. Sisi madereva tulikuwa tukiliita Kifaru. La pili lilikuwa jipya, limeletwa kwa majaribio: viti vya mahameli, zulia sakafuni, redio. Hilo tukaliita Bibi Harusi.

"Zote ni fowili," aliniambia, yaani magurudumu yote manne yanavuta. "Lakini usivute gia ya fowili tu ukadhani umemaliza. Shuka kwanza, ufunge vifungo vya magurudumu ya mbele kwa mkono. Usipofunga, ya mbele hayavuti chochote."

Nilipewa kumwendesha Afisa wa Kilimo, mzee mwenye mgongo mbovu. Kwa Kifaru tulifika Mukurweini hata matope yakiwa ya magotini, lakini akishuka alitembea amejikunja. "Wachira, leo umeniua!" Kwa Bibi Harusi alilala fofofo mpaka Timau, akikoroma. Nilijisikia raha utadhani ni mimi niliyelitengeneza.

Siku ya mwisho ya majaribio, mvua ikatukuta kwenye mlima wa Wamagana. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, vinang'aa. Nikaona, ah, nishuke kwenye tope lile kwa nini? Nikavuta gia tu. Gari likateleza kinyumenyume, likatulia mtaroni. Akina mama waliokuwa wakichuma chai walicheka wakashika viuno.

Mzee akatoa karatasi ya ripoti ya majaribio. "Hii gari ni ya harusi tu. Naandika irudishwe."

Nikinyamaza, mgongo wake unarudi kwenye ubao wa Kifaru. Nikisema, mimi ndiye ninayerudishwa nyumbani.

"Mzee, gari haina makosa. Ni mimi sikufunga vifungo. Nilihurumia viatu."

Akanitazama miguuni. "Ati viatu? Shuka ufunge!"

Nikashuka, tope mpaka ndani ya soksi, nikafunga. Bibi Harusi akatoka mtaroni, akaupanda mlima ule bila taabu. Mzee akaandika gari libaki, na mimi akaniacha kazini. Lakini mpaka alipostaafu, kila mvua ikianza aliniuliza, "Wachira, viatu viko aje?"

Mimi pia nimestaafu. Magari makubwa ya siku hizi yana raha na nguvu pamoja, na fowili ni kubonyeza tu. Juzi mwanangu alinipitisha Wamagana kwa gari lake, mvua ikaanza. Nikamwambia asimame. Nikashuka, nikainama kwenye gurudumu la mbele, nikapapasa.

"Baba, umepoteza nini hapo?"

"Kazi," nikamwambia. "Nusura niipoteze papa hapa."