Vidonge Sita Kwenye Kisahani

Mzee yule alikuwa fundi cherehani pale Iringa, wa ukoo uliotoka pwani, na magoti yake yalikuwa yamechoka kukanyaga pedali. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nimalize mafunzo ya utoaji dawa. Dirishani kwangu pale zahanati nilikuwa nikirudia kila neno hadi wagonjwa wakachoka.

"Aspirini mbili, mara tatu kwa siku, baada ya chakula," nilimwambia, halafu nikamtaka arudie.

"Mbili mara tatu, sita. Unanifundisha hesabu, mjukuu wangu?"

Foleni nzima ikacheka.

Nilikwenda nyumbani nikijiuliza kama nilihesabu vidonge sawasawa, kama karatasi niliyovifungia ilikuwa na unyevu. Nilifikiria kila kitu isipokuwa mwezi.

Siku ya tano, jioni ya manyunyu, nilipita sokoni. Mwanamke mmoja alikuwa akichagua tende huku akimhimiza muuzaji, magharibi imekaribia. Nikasimama. Watu walikuwa wamefunga tangu Jumatatu, na mimi, mtoto wa Kilutheri kutoka Mbeya, nilijua hivyo kama mtu anavyojua habari za mji mwingine. Aliyefunga hali kitu mchana. Basi zile mara tatu mzee alikuwa akizipangaje? Nikaisikia tena sauti yake ikisema sita.

Nilikimbia kwenye matope hadi kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Harufu ya uji imekufikia mpaka huko kwenu?"

Alikuwa amekaa mkekani, kajitanda shuka, midomo imepauka. Mbele yake palikuwa na kisahani chenye vidonge sita. Tende zilikuwa pembeni.

"Hivi vyote unameza sasa hivi?"

"Ndivyo ninavyofungulia. Sijapunguza hata kimoja. Magoti yametulia, nakuombea dua kila siku."

Swali lililobaki si la kumuuliza mzee nyumbani kwake, mkewe akisikia. Nililigeuzageuza kichwani huku giza likiingia mlangoni, nikitafuta namna ya kulisema kwa heshima. Sikuipata.

"Babu, choo chako kikoje?"

"Huna adabu wewe! Ndiyo mliyosomea hayo?"

Mkewe akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Cheusi, mwanangu. Kama lami, tangu juzi. Na jana kaanguka akitawadha, akanikataza nisiseme."

Nikavizoa vidonge vyote. Nilimweleza kwamba dawa nyingi kwa mara moja, tena tumboni hamna kitu, imemchubua ndani na damu inavuja. Adhana ikaanza. Akataka kuinuka aende kuswali, akashika ukuta, kisha akateleza taratibu hadi chini.

Wanawe wawili walimbeba kwenye kiti hadi hospitali, mimi nikifuata nyuma. Nilitamani anitukane tena.

Daktari alimpokea, mlango ukafungwa. Nilingoja, hakuna aliyetoka kuniambia kama ataishi. Nikarudi zahanati, nikawasha taa, nikafungua daftari la wagonjwa. Wiki ile nilikuwa nimewapa aspirini wazee wengine wanne wa mtaa uleule, kwa maneno yaleyale. Wote wanne waliyarudia vizuri, bila kukosea.

Niliandika nyumba zao kwenye kipande cha karatasi nikatoka mbio. Mtaani vyombo vya futari vilikuwa vimekwisha kuondolewa.