Tahiri na mguu wa kumshushia mama

Saa moja kasorobo asubuhi, kijijini Mwera, wilayani Pangani, Tahiri Uweso anainua nazi kwa mikono miwili na kuishusha juu ya kifuo, ile ncha ya chuma iliyosimikwa ardhini. Anaikandamiza kwa uzito wake wote, anaipinda, kumbi, lile ganda la nje, linaachia. Pigo la pili, la tatu, na nazi inatoka tupu. Nazi inarushwa kulia, makumbi kushoto, na mwenyewe hatazami vinakoangukia.

Asiyemjua hagundui kitu. Suruali ni ndefu, viatu ni viwili, na jasho linamtoka kama linavyowatoka wafuaji wengine. Ni mpaka amalize rundo la kwanza, akae, apandishe suruali upande wa kushoto, ndipo unaona kwamba chini ya goti kuna plastiki na chuma.

"Mgeni akija namwambia apige hodi," anasema, akiugonga mguu wa bandia kwa kidole. "Hodi, hodi. Hamna mtu." Anacheka peke yake. Kichekesho hiki amekirudia mara nyingi na bado kinamfurahisha.

Tahiri ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Analipwa shilingi thelathini kwa kila nazi anayofua, na siku njema anafua mia sita. Ni fedha ya kula, si ya kujenga. Lakini ukimuuliza kwa nini alikubali kukatwa mguu mara ya pili ili asimame tena, hataji nazi wala shilingi.

"Nilitaka mguu wa kumshushia mama," anasema.

Mama mwenyewe, Bi Hafsa, mwenye miaka themanini na mmoja, ameketi barazani anachagua mchele na amesikia kila neno. "Msikilizeni huyu! Mie bado niko nakula, yeye keshaanza kunichimbia."

Kwa wasioijua pwani hii: maiti anapofikishwa kaburini, wanaume wa karibu zaidi naye hushuka shimoni kumpokea na kumlaza. Bi Hafsa ana mabinti wawili, wameolewa Tongoni, na mtoto wa kiume mmoja tu. Tahiri asipoweza kusimama mle shimoni, mama yake atapokewa na watoto wa watu. Si dhambi, na hakuna atakayemlaumu. Yeye mwenyewe tu ndiye asingeweza kulala.

Ili uelewe alikotoka, inabidi utazame juu. Tahiri alikuwa mkwezi wa minazi. Alianza akiwa na miaka kumi na minne, nyuma ya baba yake, Mzee Uweso, akikanyaga mikato ileile iliyochongwa kwenye mashina tangu enzi za babu. Wakati huo, anasema, wakwezi wa Mwera walikuwa kumi na mmoja na kila mmoja alikuwa na mbinja yake, mluzi wa kujitambulisha. Juu kule hawaonani kwa sababu ya makuti, kwa hiyo mtu akipiga mbinja wenzake wanajua ni nani na yuko mnazi gani. Asipojibu, wote wanashuka kumtafuta.

"Leo wamebaki wakwezi wawili," anasema, "na hao wawili wana simu."

Anapoanza kuzungumzia huko juu, mikono inaacha kazi. Anasema kuna upepo ambao chini haufiki. Unauona mto wa Pangani unavyoingia baharini, maji ya udongo na maji ya chumvi yamenuniana, hayataki kuchanganyika. Msimu wa mbata, wakati wa kukausha nazi, kijiji kizima kilinuka mafuta, hata nguo za Idi zilinuka mbata, na hakuna aliyeona aibu kwa sababu wote walinuka sawa.

"Na unafungua dafu moja unakunywa hukohuko, mwenye shamba haoni," anasema. "Dafu la wizi tamu, bwana."

Machi mwaka 2015, masika yakiwa ndiyo yameanza, nyumba moja ilikuwa na harusi na nazi zilitakiwa siku hiyohiyo. Mkewe, Chiku, alimwambia mashina yamelowa. Alikwea. Aliposhuka hakushuka kwa kupenda, na kifundo cha mguu wa kushoto kilivunjika mpaka mfupa ukatoka nje.

Wakwezi wa Mwera walikuwa na desturi yao: aliyeanguka anapelekwa kwa mwunga mifupa. Waliamini kwamba mkwezi anayekubali kwenda hospitali ameshasema kwa kinywa chake kuwa hatakwea tena. Tahiri alibebwa juu ya kitanda hadi kwa mwunga, akafungwa majani na vijiti.

"Watu wanamlaumu yule mzee, na wanamwonea," anasema. "Siku ya tatu aliniambia, huu umenishinda, nenda hospitali. Mie ndiye niliyekataa. Nikamwambia funga tena. Nilikuwa naogopa kuacha kukwea kuliko nilivyoogopa kufa, ndio upumbavu wangu huo."

Siku ya kumi unyayo ulikuwa mweusi. Hospitali ilimkata mguu chini ya goti ili kuokoa roho, na ikaokoka. Mzee Uweso aliuomba mguu wa mwanawe akauzike, akaufunga kwa bafta nyeupe na kuupakata ndani ya basi mpaka Mwera. Njiani abiria mmoja akamuuliza kama ni samaki, nguru.

"Baba akamjibu, 'Ni mwanangu,'" anasema Tahiri. Hapo hacheki.

Mguu chini ya goti una mifupa miwili: mmoja mnene, wa muundi, na mwingine mwembamba pembeni yake. Ukikatwa, ncha hizo mbili hubaki kila moja kivyake. Kwa wengi haina neno, nyama hufunika na maisha huendelea. Kwa Tahiri ule mwembamba ulikataa kutulia. Kila akikanyaga kwenye mguu wa bandia aliopewa kwanza, mfupa ulikimbilia pembeni na kuchoma nyama kutoka ndani.

"Mkubwa unakwenda Pangani, mdogo unakwenda Tongoni," anasema. "Na mie nimekaa katikati, nalia."

Akautupa mguu wa bandia uvunguni na kurudi kwenye magongo. Chiku anaikumbuka miaka hiyo kwa jambo moja. "Akisikia nazi zinaangushwa shamba la jirani, anatoka nje anasimama na magongo yake, anahesabu vishindo. Zikiisha anarudi ndani, haniambii kitu. Na mie nilikuwa simuulizi."

Mwaka 2017 Mzee Uweso alifariki dunia. Mazikoni, Tahiri aliwekewa kiti cha plastiki kando ya kaburi. Binamu zake wakashuka kumpokea baba yake. Ulipofika wakati wa kutupa udongo, mtu alimletea udongo mkononi.

"Nilimzika baba yangu nimekaa," anasema. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mama hivyohivyo. Hakunijibu."

"Ningejibu nini?" anauliza Bi Hafsa kutoka barazani. "Nilikuwa nafanya hesabu. Aliyebaki ni mie."

Miaka miwili baadaye, daktari bingwa wa mifupa aitwaye Alexander alifika kwa mwezi mmoja katika hospitali moja ya Tanga mjini. Alikishika kigutu cha Tahiri, akakiminya, akausikia ule mfupa mwembamba ukicheza. Akamweleza kuwa kuna upasuaji wa kuiunganisha mifupa miwili kwa chini: kipande cha mfupa kinalazwa katikati, kutoka ncha hii hadi ncha ile, kinafunikwa kwa utando wa mfupa wenyewe, na vikishikana vinakuwa mfupa mmoja, mpana, unaoweza kubeba uzito. Ila ingebidi kukata tena, upana wa vidole vinne.

Kwa simu, Dk Alexander anakumbuka alivyokuwa mwangalifu. "Si kila mgonjwa anauhitaji upasuaji huu. Unachukua muda mrefu zaidi, kipande kinaweza kukataa kushika, na wenzangu wengine wanaona faida yake si kubwa kiasi hicho. Lakini huyu mifupa yake ilikuwa inacheza, na kazi yake ni ya kusimama. Nilimwambia tujaribu. Sikumwahidi."

Aliyekuwa mgumu ni Bi Hafsa. Alisafiri mpaka Tanga mjini, akaketi mbele ya daktari na bafta yake mapajani.

"Hicho kipande cha katikati unakitoa kwa nani?" aliuliza.

"Kwake mwenyewe, mama. Ni sehemu ya ule mfupa mwembamba nitakaoukata."

Bi Hafsa alifikiri. Marehemu mumewe alikuwa akichonga vitanda vya kamba miezi ambayo nazi ni chache, na yeye ndiye aliyekuwa akishika miguu ya kitanda kikifungwa. Kitanda kina mifumbati miwili mirefu, lakini bila kitakizo, ule mti wa kukingama unaoishika pamoja, kila mfumbati unakwenda njia yake na mlalaji yuko chini.

"Kumbe unamtia kitakizo," alisema. "Mbona hukusema tangu mwanzo?"

Akaruhusu, kwa sharti kwamba kila kitakachokatwa arudishiwe akizike. Daktari alitimiza. Baada ya upasuaji akamkabidhi kifurushi kidogo. Bi Hafsa akakipima kwa mkono.

"Daktari, hapa kimepungua kimoja."

"Kimo ndani, mama. Ndicho kinachoshikilia."

Hakuridhika. Aliporudi Mwera alikwenda kwa Mwalimu Sadalla, anayefundisha madrasa, amuulize kama mtu anaweza kutembea na kipande kilichokwisha kukatwa bila kuzikwa. Mwalimu Sadalla anakumbuka jibu lake. "Nilimwambia, Bi Hafsa, kilichorudi kazini hakizikwi."

Kwa miezi mitatu Tahiri hakuruhusiwa kukanyaga. Picha ilipoonyesha mifupa imeshikana, alianza kukandamiza kigutu juu ya mto wa sufi, kisha juu ya gunia la mchele, na mwisho akavalishwa mguu mpya.

"Nikaulalia na uzito wote, nikangoja maumivu," anasema. "Nikangoja. Hayakuja. Nikalia, Chiku akadhani nimeumia, naye akalia. Tulilia wote wawili kwa jambo la furaha, majirani wakaja kutupa pole."

Akarudi kwenye kifuo. Kukwea hakurudi, na analisema hilo waziwazi: anaota minazi, akiamka miguu yote miwili inamwuma, hata usiokuwepo. Lakini alisimama.

Tatizo likawa kiti. Kila msiba uliotokea, alipotembea mwenyewe hadi makaburini, alikikuta kile kiti cha plastiki kimeshawekwa. Watu wa Mwera ni watu wema. Walimwambia kaa, ndugu yetu, usijisumbue, na walimaanisha. Miaka ikapita hivyo, anaheshimiwa na kukalishwa.

"Magongo niliyachoka," anasema. "Kiti nilikichukia."

Mwezi wa Shaabani mwaka huu alifariki Mzee Sabiri, kaka yake Bi Hafsa. Mjomba ni mjomba. Kaburi lilikuwa limechimbwa baada ya mvua, udongo umelowa. Jeneza lilipofika, Tahiri alivua kofia, akampa mtu ashike, akaenda ukingoni.

Mwalimu Sadalla alikuwepo. "Watu wakanyoosha mikono kumzuia, na mmoja keshabeba kiti analeta. Nikasema mwacheni. Nikisema kweli, na mie nilikuwa na hofu. Angeteleza na maiti mkononi, ingekuwa aibu ya kijiji."

Alishuka wa tatu. Akapanua miguu, akautia wa bandia kwanza kwenye udongo, akaukandamiza kama anavyokandamiza nazi. Walimpokea Mzee Sabiri, yeye akiwa upande wa kichwa, upande mzito, wakamlaza, wakaweka mbao. Mfupa haukwenda Pangani wala Tongoni.

Wanawake wa hapa hawaendi makaburini, kwa hiyo Bi Hafsa alikuwa nyumbani akingoja. Alimwona mwanawe anaingia uani, suruali imejaa udongo mpaka magotini. Chiku anasema Bi Hafsa hakuuliza habari za kaka yake kwanza.

"Ulishuka?"

"Nilishuka, Mama."

"Ukapandishwa, au ulipanda?"

"Nilipanda. Walinipa mkono, kama wanavyopewa wote."

Bi Hafsa aliendelea. "Kulikuwa mchanga au udongo?"

"Udongo. Umelowa."

"Basi kwangu itakuwa rahisi," alisema. "Kule alikolala baba yako ni mchanga." Kisha akajifunika uso kwa khanga, akamlilia kaka yake, na Chiku anaamini hakumlilia kaka peke yake.

Tangu siku hiyo Bi Hafsa amekuwa na tabia mpya. Kikohozi kidogo tu, anasema sasa hana deni, aondoke. Akiumwa kichwa, anasema mpokeaji yupo, kuna kungoja nini? Utani huo unamkosesha Tahiri raha. Miaka minane alipigania kuweza kumshusha mama yake, na sasa hataki siku hiyo ifike.

Mwezi uliopita alinunua mche wa mnazi na kuupanda mbele ya baraza, mahali mama anapoketi. Akamwambia habari za kaburi zisitajwe tena nyumba hii mpaka mama atakapokunywa dafu la kwanza la mnazi huo. Bi Hafsa aliutazama mche, akamtazama mwanawe, na asubuhi hii, mbele ya mgeni, anamuuliza swali ambalo inaelekea amelikalia mwezi mzima.

"Na nani atalikwea hilo dafu?"

Tahiri haachi kufua. "Halikwewi, Mama. Nimepanda mnazi mfupi."

Kwa mkwezi wa Mwera hilo ni neno zito. Minazi mifupi waliidharau maisha yao yote, wakaiita minazi ya kuku.

"Wewe, mtoto wa Uweso?" anasema Bi Hafsa. "Mnazi mfupi?"

"Miaka minne unazaa. Nitakuangulia nimesimama."

Bi Hafsa anachagua punje mbili tatu, anazitupa uani. Kuku wanakuja mbio.

"Miaka minne," anasema. "Haya. Mie nakaa."