Maji Mekundu ya Fausta

Fausta, mshonaji wa mtaa wa Mfaranyaki, alikuwa mjane wa Oswald, aliyezama Ziwa Nyasa akivusha mitumba, miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria. Mwili haukupatikana. Mwaka uliofuata Fausta alikwenda Mbamba Bay kumsalia rozari ufukweni, akarudi na kipande cha mti kilichotupwa na mawimbi. Alikiweka ndani ya tangi la kioo la samaki ambalo marehemu alilipenda kuliko redio yake.

Kulipokucha, maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Akayamwaga, akatia mengine, yakarudi vilevile. Samaki hawakufa, ila walijibanza wote upande mmoja, wamekikodolea macho kile kipande.

"Wifi, hicho ni cha ziwa," alisema Lidwina, dada wa marehemu, bila kuvuka kizingiti. "Kirudishe."

"Ni rangi ya mti tu. Nitakichemsha iishe."

Akakichemsha uani kwenye sufuria kubwa. Maji yakawa meusi, na mvuke ukanuka tumbaku ya Oswald, ile ya kusokota mwenyewe. Lidwina naye aliisikia, akaanza kulia. Fausta akaepua upesi, maana aliogopa kwamba akizidi kuchemsha, harufu ile itakwisha.

Kilipopoa alikirudisha tangini, na maji akayaacha na wekundu wake. Lidwina hakuketi tena chumbani mle. Lakini kila alipopita dirishani alimsikia wifi yake akizungumza taratibu, kisha akinyamaza kidogo, kama mtu anayejibiwa.