Tisini na Nane ya Mama

Nesi Petronila ana mdomo, na hilo hata yeye hakatai. Miaka kumi na tisa kwenye wodi ya watoto mjini Musoma alibishana na madaktari, madereva, na wakwe waliotaka kuondoka na mgonjwa kabla hajapona. Alipohamishiwa zahanati ya kijijini, upande wa Butiama, wenzake walitania kwamba sasa wodi itapata usingizi.

Wiki ya kwanza tu, mama mmoja wa hapo kijijini, Ghati, alimleta bintiye Boke, wa miezi minane. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya siku tano. Mtoto alikuwa anahema mbio, pua zinapanuka, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Petronila akafungua kadi. Oksijeni: tisini na nane. Ukurasa wa nyuma yake, tisini na nane tena. Nzuri mno kwa mtoto wa namna ile. Akashusha macho mstari wa chini, mapigo ya moyo: sabini na nne.

Sabini na nne! Mtoto wa umri ule akiwa na homa, moyo wake unakwenda mia na arobaini, mia na sitini kwa dakika. Sabini na nne ni moyo wa mtu mzima aliyekaa kwenye benchi akingoja zamu.

"Mama Boke, kile kipimo cha oksijeni walikibana wapi?"

Ghati, bila wasiwasi wowote, akanyoosha kidole chake mwenyewe. "Hapa, sista. Wanapimaga mimi. Mtoto anarusharusha mikono."

Petronila aliona ugomvi usubiri kwanza. Aliupasha moto mguu wa mtoto kwa viganja vyake, akabana kipimo kwenye dole gumba la mguu, akamwambia Ghati ambembeleze hadi namba zitulie. Themanini na tatu, na chini ya tisini tu ni hatari. Akamwekea mtoto oksijeni kutoka kwenye mtungi pekee uliokuwepo, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Lilipoondoka na Boke kuelekea Musoma, ndipo akamgeukia Baltazar, tabibu wa zahanati.

"Mtoto akichezacheza mashine haisomi, sista," Baltazar alijitetea. "Tunafanyaga hivyo siku zote. Si anamnyonyesha? Damu si ni moja?"

"Kwa hiyo mama akila ugali, mtoto ameshiba?"

"Usinipandishie. Tulipewa kifaa cha watu wazima, bila semina."

Hapo hakusema uongo. Waliokileta walipiga picha wakikikabidhi, wakapanda gari wakaondoka. Picha imetundikwa ukutani hadi leo, kila mtu kaachia meno.

"Semina ya kukufundisha yupi mtoto na yupi mama?" Petronila akamjibu, akachukua rejista ya wagonjwa.

Katika kurasa za mwezi mzima uliopita alikuta watoto wengine sita wenye mapigo ya watu wazima. Akaandika majina, akaita bodaboda awafuate makwao. Baltazar alimfuata hadi nje. "Waangalie tu afya zao, sista. Haya mengine usiwaambie. Watatuchomea zahanati."

Watoto watano aliwakuta wanacheza. Nyumba ya sita ilikuwa ya Flora, na huko Petronila alikuta kaburi dogo, udongo wake bado mbichi. Mwanawe Samweli alikuwa amezikwa siku kumi zilizopita.

Flora alimpa kiti, akamletea maji ya kunywa. Hakuwa na neno baya hata moja. "Nawashukuru, sista. Mlimpima, mkaniambia hewa anayo ya kutosha, nikarudi naye nyumbani. Ni mipango ya Mungu tu."

Ingekuwa rahisi kunywa maji yale, kutoa pole na kuondoka. Flora mwenyewe alikuwa ameshawasamehe bila kujua anasamehe nini. Shukrani ile ilimuuma Petronila kuliko tusi, na hasira aliyotoka nayo zahanati ikamgeukia mwenyewe, maana alikuwa amevaa sare ile ile. Ati mipango ya Mungu! Akaweka kikombe chini.

"Mama Samweli, mwanao hatukumpima. Tulikupima wewe."

Flora alikisogeza kikombe pembeni.

"Sasa yeye alikuwa na ngapi?" akauliza.

Namba ya Samweli haikuandikwa popote.