Simu Aliyoikata Shangazi

Nilipokuwa naandika programu ya kuwapigia simu wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, nilijiona mtu wa maana sana. Nilikuwa na chumba kimoja cha ofisi mjini Karatu, nyuma ya gereji ya magari ya watalii, na mafundi waliponiuliza nafanya nini mle ndani siku nzima, niliwajibu kwamba naifundisha kompyuta kupiga simu. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko walivyodhani. Kuna maktaba ya programu, yaani vipande vya programu ambavyo wengine wameshaviandika. Unaipa namba inayopiga, namba inayopigiwa, na anwani ya kwenye seva ambako itachukua maneno ya kusema. Mistari haifiki kumi, na simu inaita mfukoni mwa mtu aliye shambani. Mara ya kwanza nilijipigia mwenyewe. Nilijisikia nikijisalimia, nikacheka peke yangu.

Walioniomba kazi hiyo ni chama cha watumia maji. Maji ya mfereji kule hugawanywa kwa zamu, na mzee aliyekuwa akiwaarifu watu kwa kuwabipu mmoja mmoja macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Nilirekodi sauti yangu: salamu, kisha zamu yako ya maji imefika, kama unakuja bonyeza moja. Ukibonyeza, programu inaandika "anakuja". Simu ikikatwa, inapiga tena baada ya dakika kumi. Ikikatwa tena, inaandika "hayupo" na kumpigia anayefuata. Siku ya majaribio wanachama walikaa mbele yangu kwenye mabenchi, wakabonyeza moja wote, na katibu akanipigia makofi.

Wiki ya kwanza orodha ilijaa "hayupo". Nilimpigia katibu nikamwambia kwamba watu wake ni wazembe. Alinyamaza, nami nikachukua kule kunyamaza kuwa ni kukubali. Nikikumbuka leo natamani kujificha chini ya meza.

Asubuhi moja katibu alinipigia yeye. Alisema nishuke Mang'ola, shangazi yangu amekosa maji. Huyu ni dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu, na nusu eka yake ya vitunguu ndiyo iliyonisomesha mpaka nikaijua kompyuta. Vitunguu vyake vilikuwa vimeanza kutunga. Zamu nyingine ilikuwa baada ya siku saba, na kwa jua lile, bila maji wiki hiyo vingebaki vidogo kama gololi na msimu wake ungeishia pale. Niliondoka Karatu na sweta, nikalivua kwa joto kabla gari halijamaliza kuteremka bondeni.

Nilimkuta amekaa kwenye tuta la mfereji, jembe miguuni. Maji yalikuwa yanapita mbele yake kuelekea shamba la jirani. Jirani hakuwa na kosa. Alipigiwa, akabonyeza moja, akaja, akafungua maji. Shangazi alipofika, jirani alimwonyesha simu yake kwa heshima, wakaachana bila neno baya. Nilimwamkia shangazi, akaitikia marahaba, akaniacha nikae kwanza.

"Mwanangu, mashine yako imesema mimi sipo?"

Nilimweleza kwamba alikata simu, tena mara mbili, na kwamba alitakiwa kusikiliza maneno mpaka mwisho. Nilimweleza kwa ile sauti ya mtu aliyesoma, ambayo hata mimi siipendi.

"Nilikata, ndiyo," alisema. "Mtu akikuita, unaacha salio lake liishe? Nilikata nikachukua jembe. Alipopiga tena nilikata nikiwa njiani, nikasema huyu ana haraka gani. Ulitaka niitike namna gani tena?"

Nilikuwa nimekulia nyumbani kwake, nimemwona akikata simu hivyo miaka yote, na kila aliyemkatia alijua kwamba shangazi yuko njiani. Mimi ndiye niliyekwenda mjini nikaandika kwamba kukata ni kukataa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikafungua kompyuta palepale kwenye tuta. Nilimwambia naweza kuliweka jina lake juu sasa hivi, mara jirani anapomaliza yeye anaingia. Akakataa. Alisema siku hiyo wako watatu wanaofuata, nao vitunguu vyao vinaona kiu vilevile, kwa hiyo waulizwe kwanza. Basi nikarekodi ujumbe mwingine: kumetokea kosa, kosa ni langu, shangazi amekosa zamu yake, je, unakubali aingie kabla yako, bonyeza moja. Nikaituma programu iwapigie wote watatu kwa pamoja.

Majibu yalirudi haraka. Imekatwa. Imekatwa. Imekatwa.

"Wamekataa, shangazi," nilimwambia. Nilikuwa najiona nimemuulia msimu mzima kwa mistari kumi. Yeye alitazama kioo cha kompyuta kidogo, akaniuliza kama nimekunywa chai, kisha akaendelea kukaza mpini wa jembe lake.

Haikupita nusu saa. Mama mmoja alitokea upande wa migomba, jembe begani, anatembea karibu kukimbia. Nyuma yake akaja mwingine. Kisha mzee mmoja, anahema, suruali ameshaikunja hadi magotini, akauliza maji yamefika lango la nani. Hakuna aliyekuwa amesikia hata neno moja la ujumbe wangu.

Shangazi alisimama. Aliwasalimia mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani na za yule ng'ombe wa mzee aliyekuwa amevunjika pembe, na salamu zilipokwisha akawaeleza shida yake kwa maneno machache. Wale wanawake wawili walimtazama mzee. Mzee aliutazama mfereji, akaangalia majani ya vitunguu vya shangazi yalivyoanza kunyauka ncha.

"Tangulia, mama," alisema. "Sisi si tumeshafika?"

Jirani alipofunga lango lake la maji, waliingia shambani wote wanne. Hawakukaa pembeni kungoja. Mmoja alifungua jaruba la kwanza, mwingine la pili, na shangazi alivua ndala akafuata maji kwa miguu mitupu, akiwaelekeza na kuwatania kwamba leo amepata vibarua. Vitunguu vilikuwa vinakunywa. Nilibaki kwenye tuta na kompyuta mapajani, nikautafuta ule mstari wa simu iliyokatwa. Nikafuta "hayupo". Nikaandika "anakuja".